Nyumba mia kadhaa zaja njia ya Mayungu: chama chetu kipinge, ama kidai maji kwanza?

Mkaazi wa Mayungu

Asalam alaykum, na hamjambo nyote. Jambo hili nalileta hapa wazi manake kwenye mkutano wa chama tulizozana mpaka magharibi ikaadhiniwa na hatukutoka na neno moja. Kwa ambao hawajapata habari, lile shamba kubwa la mikorosho lililo baina ya barabara ya Mombasa na nyumba zetu hapa Mayungu, karibu na Malindi, limeuzwa, na alonunua ataka kujenga nyumba mia kadhaa, zengine za kuuza zengine za kukodisha, na tangazo la kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kilimo kuwa makazi lishatoka. Chama chetu cha wenye nyumba kimegawanyika. Kuna wanaosema tupinge hata jiwe moja lisiwekwe, na kuna wanaosema tunyamaze manake ploti zetu zitapanda bei. Mimi siko na hawa wala siko na wale, na mwenye hoja yake aje nayo.

Tuanze na maji. Huku twakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tunayochota kwenye visima si mto unaopita chini kama wengi wanavyodhani, ni mvua ya masika iliyopenya kwenye mawe ikakaa juu ya maji ya chumvi ya bahari, na yakaa juu kwa sababu ni mepesi kidogo, basi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao, kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa igeuze hiyo hesabu: ukivuta maji mpaka yashuke mita moja, chumvi nayo taratibu yapanda huko chini kwa mita 40. Ndio maana kisima cha huku hakikauki, kinageuka. Siku moja unaona sabuni haitoi povu, sufuria inabaki na ukoko mweupe, chai haina ladha, na kikishageuka hakirudi kwa mvua moja wala mbili.

Chukua nyumba mia moja tu, kila nyumba watu watano, kila mtu lita 50 kwa siku ambazo si nyingi, ni za kuoga kupika na kufua. Hiyo ni lita elfu 25 kila siku ya Mungu, maboza mawili na nusu ya lita elfu kumi kumi. Yatatoka wapi? Wakisema mfereji, mfereji wa huku wategemea Baricho kule mto Sabaki, na Baricho hiyohiyo ndiyo inanywesha Malindi, Watamu, Kilifi mpaka Mombasa, umeme ukikatika kule pampu zazima na huku mitungi yapangwa foleni. Wakisema visima vya mashine, basi ni kuvuta lilelile tabaka la juu ambalo sisi sote twachota kwa ndoo.

Na magofu ya Gede tunayo hapa karibu, ule ni mji wa mawe, na misikiti na nyumba za vyoo vya ndani, mwaka 2024 UNESCO wameutia kwenye urithi wa dunia. Waliofukua pale waliona kisima cha Msikiti Mkuu kilizidishwa kina, na maji kushuka ni moja kati ya sababu zinazotajwa za watu kuhama. Mji mzima. Wageni wanalipa kiingilio kuona kile kisima na sisi twapita hapo na matatu kila siku hatujiulizi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, chama kisiende kusema "hatutaki nyumba". Kiende kudai kwamba hakuna mtu anahamia kwenye nyumba hata moja kabla maji hayajaletwa kutoka nje ya hili eneo letu na kabla mtambo wa kusafisha maji taka haujafanya kazi. Na jambo la pili ambalo najua litawaudhi baadhi yenu: chama kifungue mlango kwa majirani wasio na taito. Sasa hivi bila hatimiliki huwezi kuwa mwanachama. Lakini zile familia za Kigiriama zilizolima chini ya mikorosho ile miaka na miaka, wao ndio watahamishwa wa kwanza, nao wachota kwenye visima vilevile. Kuanzia ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 watu wa aina hiyo hawakuandikwa popote, wakawa maskwota kwenye ardhi walozaliwa. Tukienda mbele ya kaunti tukiwa wenye mageti peke yetu, tutaambiwa ni matajiri hawataki majirani, na hatutakuwa na jibu.

Fundi wa Tumbawe

Kaka nimekusoma kwa heshima zote lakini mimi nasema nyumba zije. Nyinyi mlipojenga mlimuuliza nani? Mimi nimejenga nyumba zaidi ya moja za wanachama wenu, nazijua, kila moja ina kisima chake na shimo lake la choo na zengine zina na kidimbwi cha kuogelea juu, na hakuna aliyetaja chumvi. Kuanzia mwezi wa nne hoteli zafunga, mvua yanyesha, vijana wakaa barazani mpaka mwezi wa saba hawana hata kibarua cha kubeba mchanga. Mradi kama huu ni kazi ya mwashi, seremala, mpiga rangi, mama wa kuuza mahamri na mbaazi pale saiti asubuhi. Ukiurudisha nyuma mwaka mmoja mwenzangu umerudisha watoto wa watu nyumbani kwa karo.

Lakini kwa hilo la maji taka sitakupinga, manake mimi ndiye ninachimba. Huku ukishuka futi kadhaa unapasua jiwe unakutana na mwanya, waweza kutia mkono mzima. Ukimwaga maji ndoo kwa ndoo hayajai, yaenda tu, hujui yaenda wapi. Mwenye nyumba anafurahi, asema fundi umenipatia shimo zuri halijai. Halijai kwa sababu linamwaga kwa jirani. Sijapata kuona mtu ameweka sakafu chini ya shimo kama hakulazimishwa.

Mkaazi wa Mayungu

Fundi, hapo kwenye mwanya umesema kitu ambacho chama chote hatujawahi kukiandika kwa karatasi. Na hilo la sisi wenyewe ni kweli kabisa, vidimbwi na mashimo yetu yana sehemu yake, kwa hivyo masharti tutakayodai kwa mradi lazima na sisi tuyakubali kwetu. Kazi nazitaka zije. Mtambo wa maji taka pia ni kazi, mabomba ni kazi, tena kazi za fundi anayejua hili jiwe kama wewe.

Mpangaji Msabaha

Mimi si mwanachama wenu wala sitakuwa, napanga chumba kimoja na watoto, natembea kwenda kufundisha. Nimesoma hapa juu naona maji, maji, visima, sawa, lakini hakuna aliyeuliza sisi wapangaji tunaishi vipi. Nyumba nzuri zote huku zimejengwa za kukodishwa wageni kwa usiku, zinakaa tupu nusu ya mwaka na askari getini, na mwalimu, nesi, mpishi wa hoteli wanabanana kwenye vyumba choo kimoja watu ishirini. Hicho choo kimoja pia ni shimo kwenye jiwe, au vya maskini havivuji?

Kifungu cha 43 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na usafi, na hapohapo chini kidogo kasema maji safi ya kutosha. Ni kifungu kimoja. Musikate nusu yake mukaenda nayo kwa kaunti. Mukisema masharti, ongezeni na hili, kwamba sehemu ya zile nyumba iwe ya watu wanaofanya kazi hapa, kwa kodi ya mshahara wa hapa. Zikiwa zote ni za wageni na watu wa Nairobi wa likizo, mimi napinga pamoja na wanaopinga, manake tutapata chumvi na nyumba hatutapata.

Ploti ni Mali

Mwapoteza wakati. Barabara ikitiwa lami na taa zikiwekwa kila mtu hapa atashukuru. Mimi nauza zangu.

Mzee wa Gede

Wanangu, nimesoma yote na nawaombea kheri, lakini huyu kijana alofungua mjadala ana imani kubwa na karatasi. Masharti! Nimeona masharti mengi kwenye ukanda huu. Mwekezaji akitaka kibali huahidi kila kitu, mtambo utakuwepo, miti itapandwa, njia ya wavuvi ya kwenda pwani itaachwa wazi. Nyumba zikishauzwa yeye ashaondoka, mtambo wataka umeme na mtu wa kuutazama na hela kila mwezi, wenye nyumba wanagombana nani alipe, mwisho wanauzima na bomba lafunguliwa usiku. Na njia ya wavuvi yafungwa kwa ukuta, ukiuliza waambiwa ni ardhi ya mtu. Kisha yale maji machafu yakitoka kwenye mawe yanaishia baharini, na bahari yetu hii ni hifadhi tangu 1968, samaki wa Mayungu wazaliana kwenye yale matumbawe. Mimi nasema jambo likiwa halijaanza ndio rahisi kulizuia. Likianza utalifukuzia mahakamani mpaka uzeeke.

Dada wa Shela

Shikamoo mzee. Mimi niko Lamu, na ruhusa yenu nitie neno, manake haya tumeyapitia kwa umbo jengine. Mji wa Amu wanywa maji ya visima vilivyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, matuta hayo ndiyo yanayokamata mvua, na kila mwenye pesa ataka kujenga pale kwa sababu ya upepo na mandhari. Kwa hivyo mnaposema tabaka la maji baridi juu ya chumvi sisi twajua mwasema nini.

Mzee ana haki kuogopa karatasi lakini karatasi pia imetusaidia. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira, walishatoa leseni, kila mtu alisema ni mradi wa serikali hauzuiliki. Watu wa Lamu wakaenda kwenye baraza la kitaifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu walisema hivi, hatukuelezwa, ripoti hatukupewa tukaisoma, na wakaweza kuonyesha. Kwa hivyo kwenye kila mkutano atakaoitisha huyo mwekezaji andikeni nani alikuja, nani aliuliza nini na akajibiwa nini, hata mukiletewa soda na biskuti andikeni. Leseni ikitoka na hamukuridhika muna siku 60 za kukata rufaa, zikipita mlango umekuwa mzito sana. Na Mahakama ya Ardhi na Mazingira muko nayo hapohapo Malindi, sisi twapanda boti na basi kuifuata.

Jengine, na hili ndilo wengi hukosa: pimeni visima vyenu SASA, kabla ya trekta la kwanza. Chumvi, kina, na vijidudu vya kinyesi. Kama huna kipimo cha kabla, kisima kikigeuka baadaye utaambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani, na utathibitisha na nini?

Fundi wa Tumbawe

Dada hapo umepiga. Na vipimwe vya maskwota pia, sio vya wenye mageti tu, manake vyao ndivyo viko karibu na lile shamba.

Mkaazi wa Mayungu

Mzee, shikamoo, na hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na siwezi kuipita. Kweli ahadi huvunjwa. Ndio maana sitaki ahadi ya baadaye, nataka mpangilio wa nini kinatangulia nini. Kaunti ndiyo hutoa hati ya kuruhusu watu kuhamia kwenye jengo, na mradi mkubwa hujengwa kwa awamu. Basi sharti liandikwe kwenye kibali chenyewe kwamba awamu ya kwanza haipati hati ya kuhamia mpaka maji yatoke kwenye bomba na mtambo upimwe ukifanya kazi, na awamu ya pili haianzi mpaka visima vya majirani vipimwe tena. Hapo mwekezaji hawezi kuuza akaondoka, manake hana cha kumkabidhi mnunuzi. Na hela za kuendesha mtambo ziwekwe kwanza, zisingojewe kwa wenye nyumba. Akikataa hayo yote, mzee, mimi nitakuwa upande wako wa kupinga na nitasimama mbele.

Mwalimu wa Msabaha, hilo la kodi ya mshahara wa hapa nimelichukua, litaingia kwenye maombi yetu kama ulivyolisema. Na hukukosea, vyoo vya kupangisha vinavuja sawa na vya mageti.

Wanachama wenzangu mlionipigia simu kwamba nimeaibisha chama kwa kutaja maskwota, nijibuni hapa watu wasome. Ni mkutano gani mtaenda mkaseme maji ni ya wote, na watu walio karibu zaidi na hilo shamba mmewaacha nje ya geti?

Mpangaji Msabaha

Visima vya skuli pia mvitie kwenye hesabu. Watoto mia kadhaa wanakunywa pale na hakuna aliyewahi kuyapima.

Mkaazi wa Mayungu

Tutaanza na hicho cha skuli. Fundi, wewe wajua mianya iko wapi, twaomba uongozane na watakaopima utuonyeshe mashimo yote yaliyo juu ya maji. Mwenye kisima na ataka kipimwe aandike hapa chini kijiji chake na kama maji yake hubadilika ladha bamvua likijaa, awe na taito ama hana.