Mti wa nodC unapingana na mti wa 16S, niamini upi?

Kinundu:
Wadau, nalinganisha jeni za bakteria wa udongo na wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde. Mti wa ukoo wa 16S (jeni ya ribosomu iliyo kwa kila bakteria) unamweka Cupriavidus taiwanensis, bakteria wa vinundu, mbali kabisa na akina Rhizobium. Nikichora wa nodC, jeni ya kuunda vinundu, anahamia karibu nao. Tena Roary, programu ya kutafuta jeni za pamoja kati ya jenomu, inanipa jeni za pamoja chache mno. Nikague nini kwanza?

Udongo_Mweusi:
Amini yote miwili, Kinundu. 16S inakupa ukoo wa seli, nodC inakupa ukoo wa jeni yenyewe, na jeni hizi huhama. Hapa ndipo kazi inaponoga! Tazama zinakokaa: kwa Cupriavidus ziko kwenye plazmidi (DNA iliyo nje ya kromosomu) iitwayo pRalta, kwa Sinorhizobium meliloti 1021 ziko pSymA, plazmidi ya nukleotidi kama milioni 1.35. Kwa Mesorhizobium loti zimo ndani ya kromosomu, kwenye kisiwa, yaani kipande cha jeni kinachoweza kuhama kwa pamoja, cha nukleotidi zaidi ya 500,000. Huko New Zealand watafiti walikikuta kisiwa hicho kimehamia kwa bakteria wa udongo wasiokuwa na uwezo wa kuunda vinundu, kikajipachika palepale kwenye jeni ya tRNA ya fenilalanini, nao wakaanza kuviunda kwenye mizizi ya Lotus.

Kwa hiyo usiishie kwenye mti. Fungua jenomu, soma majirani wa nodC: nodA na nodB, jeni wenzake za vinundu, wapo? Kuna jeni za transposasi (vimeng'enya vinavyohamisha vipande vya DNA) pembeni? Kiwango cha GC (sehemu ya herufi G na C katika DNA) kinashuka ukilinganisha na kromosomu? Mimi siridhiki na mti wowote kabla sijaona ujirani huo.

Mama_Plazmidi:
Kuhusu Roary: usipobadili mipangilio yake, inadai protini zifanane kwa asilimia 95. Ilitengenezwa kwa aina za spishi moja, wewe umevuka hadi jenasi. Tumia OrthoFinder, inayopanga jeni zenye asili moja kwa spishi tofauti, na jenomu zote zipitishe upya kwenye Prokka, programu ya kutambua jeni, toleo lilelile, la sivyo utakuwa unalinganisha programu badala ya bakteria.

Udongo_Mweusi:
Naam. Ongeza tahadhari na nodI, jeni nyingine ya vinundu: ni ya familia kubwa ya visafirishaji vya ABC (protini za kupitisha vitu kwenye utando wa seli), BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, itakuletea jamaa chungu nzima wasiohusika na vinundu.

Kinundu:
Asanteni sana. Na jenomu ikikosa nifH, jeni ya kufunga nitrojeni, kabisa?

Mama_Plazmidi:
Kama jenomu imeunganishwa kwa visomo vifupi (vipande vifupi vya DNA vilivyosomwa na mashine), usiseme nifH haipo. Kingo za visiwa zimejaa transposasi zinazojirudia, na hapo ndipo vipande hukatika. Rudisha visomo ghafi kwenye nifH ya jamaa wa karibu, uone kama vinanasa.