Vocha, rejesho kupitia kwa wakala au pingamizi benki: ipi ina nafuu kwa safari iliyovunjika njiani?

Mkazi wa Nzuguni
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nilikuwa nikisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt kwa shirika moja la nje ya Ulaya, kwa tiketi moja ya kwenda na kurudi yenye kubadilisha ndege katika uwanja wao mkuu. Ndege ilichelewa kuondoka Dar es Salaam, nikaikosa ile ya kuunganisha, na kaunta wakaniambia nafasi nyingine ingepatikana keshokutwa, wakati mafunzo niliyokuwa nikiyaendea yangekuwa yamekwisha. Usiku ule abiria tulilala vitini, hoteli hatukupewa, na kila karani alitupeleka kwa mwenzake. Niliomba kurudishwa nyumbani, nikarudishwa.

Tiketi niliikata kwa wakala hapa mjini Dodoma na nikalipa kwa kadi ya benki. Sasa shirika linanipa vocha ya thamani ya nauli yote pamoja na nyongeza kidogo, itumike ndani ya mwaka mmoja. Wakala anasema anaweza kuniombea fedha, ila nisubiri. Rafiki yangu ananihimiza niende benki kuyapinga malipo, yaani kuiomba benki izirudishe fedha kutoka kwa aliyezipokea. Naomba mnilinganishie njia hizi.

Duka la Majengo
Pole sana, dada. Mimi huenda Guangzhou kuchukua bidhaa mara kwa mara, na kwa mtu wa namna yangu vocha ni fedha taslimu, tena yenye nyongeza. Lakini kama huna safari nyingine inayojulikana ndani ya mwaka huo, hiyo nyongeza haina maana kwako. Kabla ya kukubali, uliza kama vocha inaweza kutumiwa na mtu mwingine, kama mwaka unahesabiwa hadi siku ya kukata tiketi au hadi siku ya kusafiri, na kama salio hubaki endapo nauli mpya ni ndogo.

Zabibu ya Hombolo
Mbona hakuna anayetaja fidia? Mdogo wangu anasoma Uholanzi. Ndege yake ya kurudi kutoka Amsterdam ilifutwa akalipwa euro 600, mbali na nauli. Dada, dai zako na wewe, Frankfurt si ipo Ulaya?

Wakili Kikuyu
Ndugu Zabibu, mdogo wako alilipwa kwa haki, ila mazingira ni tofauti. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humlinda abiria anayeondoka katika uwanja ulio ndani ya Umoja huo kwa shirika lolote, na anayeingia humo kutoka nje iwapo tu ndege ni ya shirika la Ulaya. Dada alikuwa anatoka Dar es Salaam kwa shirika lisilo la Ulaya, kwa hiyo euro 600, ambazo ni za safari zinazozidi kilomita 3,500, hazimhusu. Lau angekwama Frankfurt wakati wa kurudi, hata kwa shirika lilelile, maelezo yangekuwa mengine.

Kinachomhusu ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Ibara ya 19 humwajibisha msafirishaji kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa akithibitisha kwamba alichukua kila hatua ya busara kuizuia. Hapo hapatolewi kiwango cha jumla kama kule Ulaya. Unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wake ni SDR 6,303 kwa abiria mmoja; SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kwa hiyo tunza stakabadhi za hoteli uliyolipia Frankfurt na ada ya mafunzo kama haikurejeshwa. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili. Zingatia kwamba hili ni dai tofauti na nauli, na baadhi ya fomu za kupokea vocha zina kifungu cha kuachia madai mengine yote. Isome yote kabla ya kutia saini.

Karani wa Tiketi
Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, na naona jambo lililo zito zaidi bado halijaguswa. Rejesho ni la aina mbili. Abiria akighairi mwenyewe, masharti ya nauli yake hutumika, na kwa nauli za bei nafuu mara nyingi hurudishwa kodi na tozo za viwanja peke yake. Safari ikivunjwa na shirika, makato ya kughairi hayapaswi kuwepo. Wakala akituma ombi kama la aina ya kwanza, kwa haraka au kwa kutojua, mfumo utakata adhabu bila kumuuliza mtu, na kulirekebisha baadaye ni kazi ya kuchosha kuliko kuomba upya. Mwambie aandike wazi kwamba chanzo ni shirika, aambatishe uthibitisho wa maandishi wa ucheleweshaji, na akupe nakala ya ombi lenye namba ya tiketi ya tarakimu 13, si ile ya herufi sita ya kuhifadhi nafasi.

La pili, mawakala wengi wadogo wa mikoani hukatisha tiketi kupitia kwa wakala mkubwa wa Dar es Salaam. Fedha hurudi kwa njia ileile zilivyokwenda: shirika, wakala mkubwa, wakala wako, kisha wewe. Muulize wakala wako tiketi ilitolewa na nani, kwa sababu "subiri" nyingi hutoka hapo katikati. Usipande treni kwenda kugonga milango ya Dar es Salaam. Barua pepe yenye tarehe ina nguvu kuliko mazungumzo ya kaunta.

Mkazi wa Nzuguni
Ahsanteni. Je, nikifungua pingamizi benki wakati ombi la wakala linaendelea, kuna ubaya?

Karani wa Tiketi
Upo. Shirika likiona malipo yanapingwa, kwa kawaida husimamisha rejesho hadi shauri la kadi liishe. Angalia pia taarifa ya benki: kama aliyekukata fedha ni wakala, pingamizi linamwangukia yeye, naye atajibu kwamba tiketi alikupa. Lakini usiisahau njia hiyo, maana kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa siku 120 tu. Kaulize benki yako siku zako zinaanza kuhesabiwa lini, mpe wakala tarehe ya mwisho iliyo ndani ya muda huo, na ikipita kimya, fungua.

Wakili Kikuyu
Naunga mkono. Barua utakayomwandikia wakala kumpa tarehe hiyo, ipeleke nakala kwa shirika lenyewe. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa maandishi Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ukiambatisha mawasiliano yote. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA CCC, linaloweza kukuelekeza. Jambo la kwanza watakalokuuliza ni kama ulianza kwa shirika.

Mkazi wa Nzuguni
Vocha nimeikataa kwa barua pepe leo mchana. Wakala amekiri kwamba tiketi ilitolewa na kampuni ya Dar es Salaam, na nimemwomba arekebishe ombi, kwa kuwa alikuwa ameshalijaza kama mimi ndiye niliyeghairi.