Mume wangu dereva wa lori anakunywa enaji kama maji, sasa moyo unamwenda mbio. Naombeni ushauri

BintiMikindani
Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba makaa ya mawe kutoka kule Mbinga kuleta bandarini hapa Mtwara, kwa hiyo njia yake ni Songea, Tunduru, Masasi ndo anashuka huku, akifika anakaa foleni anashusha analala kidogo anageuza tena. Zamani alikuwa mtu wa chai ya rangi na karanga zake, siku hizi ni enaji tu, hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, anaanza na moja Tunduru, nyingine Mangaka, akifika Masasi anaongeza, na usiku mzigo ukiwa wa haraka anaweza kupiga hata nne. Kwenye kabini ana katoni kabisa.

Sasa safari hii karudi analalamika moyo unamwenda mbio, akilala ubavu wa kushoto anausikia unadunda mpaka kwenye mto, mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga kisosi, na usingizi hapati japo kachoka hoi. Kingine mkojo umekuwa njano ile ya kung'aa kama rifleka ya trafiki, jirani kanitisha eti figo ndo zinakwenda hivo. Nikimwambia twende hospitali anasema uchovu tu. Ana miaka 38, hana ugonjwa tunaoujua ila marehemu baba yake alikuwa na presha. Hivi hizi enaji zina madhara gani haswa, na mtu mbishi hivi nimfanyeje?

korosho_ghafi
Dada hizo zinatengenezwa na mbegu za ng'ombe dume ndo maana moyo unakimbia. Aache leo leo la sivyo nguvu za kiume kwaheri.

TairiMbili
Mimi nakunywa tangu naanza boda pale stendi na sijawahi hata kuumwa kichwa. Shemeji mwache mzee apige kazi, makaa hayajibebi.

Dawa_Kwanza
Nafanya kazi duka la dawa hapa mjini, ngoja niseme ninachokijua. Hilo la mbegu za ng'ombe limezunguka sana huku vijiweni na si kweli. Kuna kitu ndani kinaitwa taurini, mwaka 1827 kilipatikana mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe dume ndo jina likatokea huko, ila hiyo ya kwenye makopo inatengenezwa kiwandani na hata mwili wako wenyewe unaitengeneza.

Kitu cha kuangalia ni kafeini na sukari. Kopo dogo la Red Bull la mili 250 lina kafeini miligramu 80, hiyo ni kama kikombe kimoja cha kahawa, na sukari gramu 27 hivi, yaani vijiko vya chai karibu saba. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku na 200 kwa mkupuo mmoja. Ukisikia hivo unaona mbona nne bado zimo, lakini sio kila kopo ni la mili 250. Hizi za chupa za plastiki tunazouziana huku zina ujazo tofauti tofauti, mwambie asome lebo, akikuta 32 kwa kila mili 100 na chupa ni ya mili 400 basi hiyo moja ni 128, nne zinapita 500. Na sukari WHO wanasema isizidi kama gramu 50 kwa siku na ikishuka chini ya 25 ndo bora zaidi, yeye kwa mtindo huo anaimaliza ya siku nzima kabla hajafika Masasi. Ikiendelea hivo miaka ni kitambi, meno kuoza na kisukari.

Mkojo wa njano ya kung'aa usiwape homa, hiyo mara nyingi ni vitamini B2 iliyomo humo, mwili unachukua inayohitaji nyingine inatoka. Mkojo wa kuogopa ni wa rangi ya kola, au wenye povu lisiloisha, au mtu anavimba miguu na uso.

Swali langu: kuna dawa yoyote anatumia sasa hivi? Yoyote, hata ya juzi.

BintiMikindani
Asante sana kaka/dada. Dawa ndio, alikuwa anasikia kuchoma akikojoa, akanunua duka moja huko njiani wakamwambia ni UTI wakampa cipro, anameza asubuhi na jioni. Hajapima. Inahusiana?

Dawa_Kwanza
Inahusiana sana, na ndo maana nimeuliza. Kafeini inavunjwa na ini, kwa kawaida kila baada ya masaa matano hivi nusu yake inakuwa imeondoka. Cipro inazuia hicho kimeng'enya cha ini kinachoivunja kafeini, kwa hiyo ile enaji ya Tunduru inakuwa bado imo mwilini anapofungua ya Masasi, zinapandana. Mtu aliyezoea nne bila shida, akiwa kwenye cipro mbili tu zinaweza kumtetemesha na moyo ukaenda mbio. Simaanishi ndo sababu peke yake, sijamuona, ila ningeanzia hapo. Asikatishe dawa kienyeji, asimamishe enaji na kahawa mpaka aonane na daktari, na huyo daktari aambiwe vyote viwili. Halafu mwanaume kuchoma akikojoa apimwe mkojo, asitibiwe kwa kukisia dirishani.

Mama_Nyangao
Mwanangu, mimi ni nesi mstaafu niko Lindi. Nikuongezee dalili za kutosubiri: maumivu ya kifua au kifua kubana, kuishiwa pumzi, kuzimia au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kuruka ruka bila mpangilio. Akipata moja katika hizo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na wala asiendeshe yeye. Kama hana hizo mpeleke kesho asubuhi wampime presha, sukari na kile kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Kafeini inapandisha presha, na mtu ambaye baba yake alikuwa nayo mara nyingi na yeye anayo hajui, maana presha haiumi. Tumepokea wengi wanaokuja kwa ajili ya kidonda cha mguu unafunga mashine unakuta 180.

Muulize pia kwa upole kama anachanganya na pombe. Msimu wa mabibo vijana wanachanganya na uraka, wengine na pombe kali za viroba vya kizamani walivyofichiana, enaji inamfanya mlevi ajione hajalewa, anaongeza, na usukani anashika. Muulize mkiwa wawili, usimuulize mbele ya watu.

Kabini_ya_Kusini
Shem mimi ni dereva, barabara hiyo naijua na pale kabla ya kuingia Tunduru usiku panavyochosha najua. Niseme jambo moja ambalo madereva hatuambiani, enaji haiondoi usingizi. Unapokuwa macho kuna kitu kinajikusanya kwenye ubongo ndo kinaleta usingizi, kafeini inaziba tu ubongo usikisikie, usingizi wenyewe upo pale pale unaongezeka, ikiisha unakuja wote kwa pamoja na unakukuta kwenye kona. Jamaa wengi walioacha njia alfajiri sio kwamba hawakunywa kitu, kabini ukiifungua unakuta makopo.

Nilichofundishwa na tanboi wangu wa zamani (sasa hivi ana lori lake) ni hiki: ukisikia macho mazito paki sehemu salama, kunywa MOJA, ndogo, halafu lala dakika 15 mpaka 20 na alamu uweke. Kafeini inachukua kama nusu saa kushika vizuri, kwa hiyo unaamka na usingizi kidogo umepungua na yenyewe ndo inapanda. Na baada ya saa kumi jioni usiguse kama usiku huo unategemea kulala. Bosi akilalamika umechelewa muulize lori moja ni shilingi ngapi.

BintiMikindani
Mrejesho wakuu. Nilimsomea huu uzi wote, sehemu ya cipro ndo ilimshtua, akanyanyuka mwenyewe. Hospitali presha wamekuta 152 kwa 96, wamesema moja haitoshi arudi kupima tena siku tofauti kabla hawajaamua kama ni presha ya kudumu. ECG wamesema moyo unaenda haraka ila mpangilio uko sawa, sukari iko sawa, figo wamecheki ziko sawa. Mkojo umepimwa wamembadilishia dawa. Pombe anasema hachanganyi, namwamini nusu. Shida sasa tangu aache enaji ghafla kichwa kinamuuma vibaya, ana hasira na mwili mzito, anataka kununua mseto wa malaria.

Dawa_Kwanza
Asinunue mseto bila kupima, kipimo cha malaria ni cha haraka sana. Hiyo inawezekana kabisa ni mwili unadai kafeini, huwa inaanza ndani ya saa 12 mpaka 24 tangu uache na inaweza kwenda mpaka siku tisa. Angekuwa hana hayo ya moyo ningemwambia apunguze moja moja kila baada ya siku chache. Kwa kuwa kipimo kimetoka vizuri na cipro ameacha, amuulize daktari wake kama kikombe kidogo cha chai ya rangi asubuhi kinaruhusiwa, kinasaidia kushusha taratibu. Maji mengi, na panado asiitumie mfululizo. Na safari asipewe wiki hii, kichwa hicho na usukani haviendani.

BintiMikindani
Safari kaomba ruhusa, lori kaenda nalo mwenzake. Sasa jingine, katoni iliyobaki niliihifadhi ndani, nimekuta imepungua, kijana wangu wa kidato cha pili anakunywa akijisomea.

Mama_Nyangao
Itoe ndani mwanangu. Watoto hawatakiwi kabisa, chama cha madaktari wa watoto Marekani walishasema hivyo 2011, na Poland tangu Januari 2024 ni marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Akikesha nayo anasoma leo, kesho darasani anasinzia. Alale saa nne aamke saa kumi asome.

TairiMbili
Naomba kuuliza, mimi ya bila sukari je? Niko na stoo nzima hapa.

Dawa_Kwanza
Sukari itakuwa imetoka, kafeini ni ile ile. Pita na wewe upime presha, ni dakika tano.