Tupeane uzoefu: kocha akieleza bao la dakika za lala salama, maelezo yake unayapimaje?

Jiwe la Bismarck

Wakuu, timu ikifungwa dakika za mwisho maelezo huwa yale yale manne: wachezaji walichoka, tulipoteza umakini, yule alikuwa na kadi, au mabadiliko yalikuwa ya kiufundi. Hapo vijiwe vyote vya Mwanza, Mwaloni mpaka Buhongwa, vinagawanyika. Huku wanamtetea, kule wanataka afungashe virago, na hakuna mwenye ushahidi mkononi.

Uzi huu si wa kumfukuza mtu. Aliyekaa benchi la ufundi, anayechezesha, anayeandika takwimu au anayefundisha timu ya mtaa aweke hapa kile anachokiangalia uwanjani. Habari za "siku ile mimi nilikuwa uwanjani Kirumba" tuziache, tuletee vitu vya kukagua.

Naanza na daftari. Kuanzia dakika ya 55 andika kila badiliko kwa mstari mmoja: dakika, aliyetoka, aliyeingia, mfumo umegeuka vipi, na nani wa upande wa pili ameachwa huru. Mfano:

71' – katoka 10, kaingia 4. Kutoka 4-3-3 kwenda 5-4-1 (mabeki, viungo, washambuliaji). Nafasi ya pili imetumika. Namba 8 yao haina mtu.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Nyingine utazipata hata kwenye matokeo ya simu.

Kona ya Igoma

Kabla ya kumhukumu kocha hesabu kwanza alichobakiza. Mabadiliko ni 5, lakini mchezo unasimama kwa ajili yake mara 3 tu, na hizo ndizo nafasi. Mapumziko hayahesabiki. Maana yake kocha aliyeingiza mmoja dakika ya 52, mmoja ya 63 na mmoja ya 70 ana wachezaji wawili wa akiba anaoruhusiwa kuwatumia kwa idadi, ila hana pa kuwapitishia. Mechi ikienda dakika 120, kama mashindano yanaruhusu, anaongezewa mchezaji mmoja wa ziada pamoja na nafasi moja ya kumwingiza.

Kwa hiyo akisema "sikuwa na namna", fungua daftari. Kama nafasi ziliisha dakika ya 70 kwa mmoja mmoja, amesema kweli, lakini umaskini huo kajitakia mwenyewe. Kama ilibaki nafasi moja na straika akatembea robo saa nzima, swali bado lipo mezani.

Angalizo: timu zote mbili zikibadilisha kwenye simamisho moja, kila timu imetumia nafasi yake. Watu wengi huwa hawaihesabu hiyo.

Na msipime mechi za zamani kwa sheria za leo. Fainali ya Kombe la FA 2017 pale Jamhuri Dodoma, Mbao yetu ilipolala 2-1 kwa Simba katika muda wa nyongeza, mabadiliko yalikuwa 3. Utaratibu wa 5 ulianza kwa muda mwaka 2020, ukawekwa moja kwa moja kwenye sheria 2022. Ukiitazama mechi ile leo utaona miguu mizito na utamlaumu kocha kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Filimbi ya Nyakato

Naongezea kwa upande wa waamuzi. Dakika inayoonekana kwenye kibao si dakika ya uamuzi. Kocha akiamua, mchezaji aitwe kutoka kwenye mazoezi ya pembeni, avue bukta ya juu, avae vizuizi vya ugoko, aoneshwe karatasi ya majukumu ya kona, fomu iende kwa mwamuzi wa akiba, vifaa vikaguliwe, kisha mpira usubiriwe utoke. Hapo dakika mbili tatu zimekwenda, na mpira ukigoma kutoka zinakwenda hata tano. Timu ikifungwa dakika ya 84 na mtu amesimama pale mstari wa kati tangu ya 81, huwezi kusema kocha alilala. Unaweza kusema alichelewa, hilo ni jingine.

Tena, wapo makocha wanaomzuia kwa makusudi aliye tayari asiingie wakati wapinzani wanapiga kona. Wana sababu: anayeingia hajagusa mpira wala hajajua anamshika nani. Ukiona mwamuzi wa akiba kainua kibao halafu benchi likamwambia ashushe, usipige kelele.

Na mchezaji akigoma kutoka, mwamuzi hamtoi kwa nguvu, mchezo unaendelea. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kepa, kipa wa Chelsea, fainali ya Kombe la Ligi 2019 dhidi ya Manchester City. Baadaye kocha wake, Sarri, akasema walipishana kuelewana. Dunia nzima iliona kocha anavyotaka kuondoka uwanjani kwa hasira, lakini maelezo ndiyo hayo. Kocha hutetea chumba chake cha kubadilishia nguo kwanza, mashabiki baadaye.

Mapafu ya Mabatini

Tuje kwenye "walichoka", maana hapa ndipo tunapodanganywa na hapo hapo ndipo tunapoonea watu.

Uchovu haugawanywi sawa. Viungo ndio wanaokimbia umbali mrefu, kilomita 10 mpaka 12 kwa mechi. Mabeki wa pembeni na mawinga wanaongoza kwa mbio kali za ghafla, na hizo ndizo zinazochana misuli ya nyuma ya paja. Beki wa kati ndiye mwenye kazi ndogo ya miguu ukimwacha kipa. Kocha akikwambia beki wa kati alichoka dakika ya 80 ndiyo maana akapitwa, muulize kiungo mkabaji alikuwa wapi, kwa sababu mara nyingi beki anapitwa baada ya ngao ya mbele yake kukatika.

Dalili za kuangalia, tena hazihitaji kifaa chochote: beki wa pembeni anapanda lakini anarudi kwa kutembea. Kiungo anafika kwenye mpira wa pili akiwa amechelewa hatua moja, kwa hiyo anacheza faulo. Mikono iko magotini kila mpira ukitoka. Umbali kati ya mabeki na viungo unapanuka mpaka mtu anaweza kupokea mpira, kugeuka na kuinua kichwa bila kuguswa. Hiyo ya mwisho ikionekana mara mbili mfululizo, bao liko njiani.

Kwa viwanja vyetu ongeza mawili. Jua la saa 10 jioni, na upepo wa ziwani. Tazama timu iliyokuwa inaongoza inaokoa mipira kuelekea wapi kipindi cha pili. Ukipiga mpira mrefu dhidi ya upepo pale Kirumba unarudi kabla mabeki hawajapanda, na timu inapumua sekunde tatu badala ya kumi. Uwanja wa Nyamagana una nyasi bandia, mpira unadunda na kukimbia tofauti, hivyo kuokoa hovyo kunakuwa kama kumpasia mpinzani. "Walichoka" inaweza kuwa kweli kabisa, ila chanzo kikawa ni agizo la kupiga mbele badala ya kushika mpira.

Bi Furu

Mapafu hapo umegusa penyewe. Mimi naleta lile badiliko linalochukiwa kuliko yote: kutoa mshambuliaji dakika ya 78 na kuingiza beki wa tano.

Si kosa kila mara. Linafaa iwapo mpinzani anapiga krosi nyingi, ana warefu wawili kwenye boksi, na wewe una mtu mmoja mbele mwenye mbio wa kubaki na mpira. Linaharibika kwa sababu tatu, na zote zinaonekana kwa macho.

Kwanza, aliyetolewa ndiye aliyekuwa anashikilia mipira mirefu. Mpira ukiokolewa hauna wa kuupokea, unarudi. Hesabu: ukirudi kwenye theluthi yako ndani ya sekunde tano au sita, mara nne tano mfululizo, badiliko limefeli na bado kuna muda wa kulirekebisha.

Pili, mabeki watano wanajipanga ndani ya boksi na viungo nao wanarudi humo humo. Nje ya boksi panabaki peupe. Mpira wa pili unakuwa wa wapinzani.

Tatu, na hili ndilo baya: anayepiga krosi hana wa kumsumbua. Beki wa pembeni anafikiri winga atatoka, winga anafikiri beki atatoka. Krosi tano za namna hiyo zinazaa kona mbili, na kona ndiyo hukumu.

Mfano tunaoujua wote: AFCON kule Ivory Coast, Januari 2024, Taifa Stars na Zambia. Msuva kafunga mapema, Zambia wakabaki 10 kipindi cha kwanza, halafu Daka akasawazisha kwa kichwa cha kona dakika ya 88. Ilikuwa sare, lakini iliuma kama kipigo. Pale kuna maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza: kwa nini timu yenye watu 11 inapigiwa kona dakika ya 88 na watu 10? Hilo ni la kocha. La pili: nani alipewa Daka? Hilo huenda likawa la mchezaji. Kocha akijibu la pili wakati umemuuliza la kwanza, ujue amekukwepa.

Bayern nao fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 1999 walikuwa wanaongoza 1-0, Matthäus katolewa dakika ya 80, na mabao yote mawili ya Manchester United kwenye dakika za majeruhi yalianzia kwenye kona. Kila mtu anaongelea kutoka kwa Matthäus, wachache wanauliza kona zile zilipatikanaje.

Mzee wa Igogo

Bi Furu nakubaliana nawe, ila kwenye kona punguza kidogo lawama kwa mchezaji. Timu inayokaba mtu kwa mtu, kila badiliko linavuruga orodha. Aliyekuwa anamshika namba 9 katoka, aliyeingia ana urefu pungufu, kwa hiyo watu watatu wanapokezana majukumu kwa kupigiana kelele. Timu inayokaba kwa maeneo haipati shida hiyo sana, anayeingia anarithi eneo. Kwa hiyo kabla ya kusema beki kazubaa, angalia badiliko la mwisho lilimwondoa nani kwenye ukuta wa kona. Ukiona kaondoka mrefu wa pili kwa urefu na kona ikaua dakika nne baadaye, lawama irudi benchi.

Na "tulipoteza umakini" mimi siihesabu kama maelezo. Hapo anakwambia kilichotokea, hajakwambia kwa nini.

Kadi Mkononi

Ya kadi ni fupi. Beki mwenye njano akitolewa dakika ya 65, angalia winga anayemkabili. Kama mashambulizi yanapita upande huo, kocha yuko sahihi hata kama aliyeingia kaharibu. Kama winga huyo keshatolewa, kadi ni kisingizio.

Mwaloni Express

Penalti je? Wanaoingizwa dakika ya 120 kupiga tu?

Bi Furu

Inategemea anaingia na nini mwilini. Southgate, kocha wa England, fainali ya Euro 2020 aliwaingiza Rashford na Sancho mwishoni kabisa, wakakosa wote, na Saka pia. Alisema wazi kuwa uamuzi ni wake na wapigaji walichaguliwa kwa walichofanya mazoezini. Jibu hilo linapimika, na ndiyo maana namheshimu. Ila mazoezini unapiga ukiwa umeshagusa mpira mara mia. Pale unapiga ukiwa umeugusa mara moja mbili.

Kipa ni jambo jingine. Van Gaal, kocha wa Uholanzi, Kombe la Dunia 2014 alimwingiza kipa Krul dakika ya 120 dhidi ya Costa Rica, akaokoa mbili. Kwa kipa, kuingia baridi hakuna madhara makubwa, na mpigaji anapewa sura mpya ya kuifikiria. Ila lazima uwe umebakiza nafasi, turudi kwa Kona ya Igoma.

Jiwe la Bismarck

Kwa wanaopiga simu redioni au kukutana na kocha: usiulize "kwa nini ulimtoa fulani", utajibiwa "kiufundi" na simu imekatwa. Uliza hivi: "Baada ya kumtoa namba 10 dakika ya 71, kazi ya kumfuata namba 8 wao ulimpa nani?" Hapo lazima ataje mtu. Akimtaja, nenda kwenye marudio ya video uone kama huyo mtu alikuwa karibu.

Mpe pia siku moja. Anayehojiwa pembeni ya uwanja hajaona marudio, na mdomo wake una kufuli: Amrouche, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, alifungiwa mechi 8 na CAF 2024 kwa maneno tu kuhusu Morocco. Ndiyo maana akiwa na hasira na mwamuzi, wewe utaambiwa ni umakini.

Kona ya Igoma

Na marudio uyaanzishe sekunde 40 kabla ya bao, usiyaanzie kwenye krosi. Kosa lenyewe mara nyingi liko pale mpira ulipopotea.