Masta ya ubunifu na ujasiriamali wa IT, ama pesa niweke kwa apu yangu?

Fundi_wa_Apu
Wadau niaje, nisaidieni kabla sijafanya ujinga. Niko na digrii ya kompyuta, miaka minne nimeandikia watu programu hapa Westlands, nimeweka kando laki tatu na nusu na roho inataka nirudi shule nifanye masta ya ubunifu na ujasiriamali upande wa IT. Sasa shida, niko pia na apu yangu ya wauza mitumba wa Gikomba, ya kuhesabu bale, imetoa kamera ngapi (zile nguo za gredi ya kwanza), gani imelala, faida iko wapi. Wenye wameiweka kwa simu ni saba, mmoja ni anti yangu. Bosi wangu anasema masta ni karatasi, mamangu anasema bila masta ni kama sijasoma, na hiyo pesa nikiiangalia inatosha kitu kimoja tu. Mngefanya nini?

Mjukuu_wa_Kariokor
Swali dogo kaka. Kwa hao saba, wangapi wamewahi kukutumia hata soo mbili?

Fundi_wa_Apu
Hakuna. Na nikisema ukweli hata anti mwenyewe haitumii. Jumamosi nilikaa naye, anakata kamba za bale, mikono yote iko ndani ya nguo, kamera anarusha huku, zile mbovu za kufagia anarusha kule, simu iko kwa mfuko wa aproni inalia tu. Akimaliza anachukua makapeni anaandika hesabu kwa kipande cha katoni anatundika kwa msumari. Nikamuuliza mbona si kwa apu, akaniuliza, "Na hii mikono niipeleke wapi?"

Dada_wa_Juja
😂 Anti amekupa somo la semista nzima bure.
Mimi hiyo masta nilifanya, chuo sitataja. Darasani ni mwaka mmoja, saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili na nusu usiku, ukitoka unapigania matatu, lakini hapo sikuumia. Niliumia kwa tesisi. Suparvaiza akasafiri, akarudi akasema badilisha mada, proposo nikaitetea mara mbili, kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya sayansi ya serikali, kikaisha muda kabla sijaingia fildi nikaomba kingine. Jumla miaka minne. Biashara ndogo nilikuwa nayo ilikufa hapo katikati, na si ati ilikuwa mbaya, ni vile wateja walikuwa wanapiga simu nikiwa na sura ya tatu ya tesisi. Chenye nilipata cha maana ni kujua kumhoji mteja. Usimuulize anti kama anapenda apu, muulize bale ya mwisho yenye ilimla pesa ilimla vipi, halafu unyamaze. Enyewe ningelipa karo kwa hilo peke yake, lakini si miaka minne.

Mzee_wa_Modemu
Nyinyi vijana mnasahau M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo ya vikundi, si ya kutumia mama pesa ushago. Watu wakapewa simu wakaanza kutumiana wenyewe, hawa wa kampuni kuangalia wakaona kumbe mambo ni hiyo, ikazinduliwa Machi 2007 kama ya kutuma pesa nyumbani. Wangeng'ang'ana na mikopo tungekuwa bado tunapeleka bahasha kwa basi.
Halafu kitu kingine, ukiamua kuingia chuo soma sera yao ya mali ya ubunifu kabla hujasaini. Programu hapa Kenya inalindwa na hakimiliki, unaweza kuisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, lakini ukiijenga kwa maabara yao na ruzuku yao usishangae wakidai kipande. Chenye umeandika tayari kiweke na tarehe.

Basi_la_Kigali
Kwani ni lazima Nairobi? Carnegie Mellon wako na kampasi Kigali, masta za IT, na kuna ufadhili wa Mastercard Foundation. Ulaya kuna ile ya EIT Digital, miaka miwili, mwaka chuo hiki mwaka chuo kingine, kompyuta ndio somo kubwa na ujasiriamali ni kando yake lakini wa lazima. Ila nikuambie venye naona, huko utatoka na kazi nzuri, Gikomba hutarudi.

Fundi_wa_Apu
Nimesoma zote. Maombi ya Septemba nimeacha kwanza. Jumamosi naenda Gikomba saa kumi na moja asubuhi bila laptopu, nikae tu. Nimepata wazo usiku, apu iwe ya kupiga picha ile katoni, isome hesabu yenyewe, anti asiguse kitu kingine. Hata naweza kuijaribu na katoni za mwezi jana.

Mjukuu_wa_Kariokor
Umemuuliza kama bado ziko?

Fundi_wa_Apu
Nimempigia sai. Ati aliwashia jiko.