Paa la Mama

JUMANNE

Da Mwana: Assalaam alaykum. Fundi kaja leo, kapanda darini na tochi. Kenchi za upande wa barabarani zimeliwa na mchwa, nyingine ukibonyeza kidole kinazama. Upande wa uani afadhali kidogo. Bati anasema zitoke zote, kupiga viraka ni kutupa pesa, chumvi ya bahari imeshazimaliza.

Kaka Hamza: Bati ngapi jumla

Da Mwana: 84, za mita 3. Nimeulizia. Geji 30 ni 24,000 kila moja, geji 28 ni 33,000

Kaka Hamza: Geji 30 inatosha

Zuhura Muscat: Kaka geji 30 ni karatasi ile. Ndiyo waloweka jirani wa nyuma, kumbuka imeanza kutoboka lini. Hii Tanga, siyo Dodoma

Kaka Hamza: Tofauti ni 9,000 mara 84. 756,000. Nani anatoa

Zuhura Muscat: Gawa kwa wanne. 189,000 kila mtu. Mimi natoa yangu na ya Kibwana, atanilipa akipata

Kibwana: Da Zu Allah akuzidishie. Nikipata tu 😂

Zuhura Muscat: Ukipata mwaka gani

Mjomba Athumani: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wapwa zangu, nimewasoma. Jambo la kwanza ni kumaliza kabla ya mwezi wa tatu, masika isiwakute nyumba iko uchi. La pili, hizo kenchi mpya zipakwe oili chafu, mchwa haigusi. Wabillahi tawfiq.

Da Mwana: Ahsante Mjomba. Fundi anataka zile mbao zilizokwisha tiwa dawa. Bei imechangamka lakini.

Mama: [ujumbe wa sauti 1:47]

Zuhura Muscat: Da Mwana niandikie, niko kazini siwezi kusikiliza

Da Mwana: Mama anasema shikamoo zenu amezipokea ingawa hakuna aliyemwamkia. Pili, hahami. Kwangu Makorora haji, watu wengi, hapati usingizi. Atakaa chumba cha uani mpaka paa liishe, yeye na paka wake Dagaa.

Kibwana: Shikamoo Mama 🙏

Zuhura Muscat: Shikamoo Mama

Kaka Hamza: Shikamoo Mama. Uani vumbi litakuwa jingi

Da Mwana: Sijamaliza. Tatu, fundi asizibe lile tundu la pembeni, juu ya mlimao. Ndiyo njia ya Dagaa ya usiku.

Kaka Hamza: Hapana. Tunaweka fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, kuzunguka nyumba nzima. Tukiacha tundu popo wanaingia, miaka miwili dari inanuka tena, kazi bure

Zuhura Muscat: Hilo nipo na kaka. Ile harufu ya popo chumba cha mbele mmeisahau?

Mama: [ujumbe wa sauti 0:21]

Da Mwana: Anasema popo hawajamla mtu.

Mjomba Athumani: Na yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, mnajua habari yake aliishia wapi.

Kaka Hamza: Mjomba hatumfungii. Tunamfungia popo. Paka ana mlango

Da Mwana: Mlango Mama anaufunga saa 2 usiku na komeo mbili. Hebu tuache hilo tundu, ni la kupita kichwa tu. Tutalijua mwishoni.

JUMATATU

Da Mwana: [picha]
Da Mwana: [picha]
Da Mwana: Wameanza. Upande wa barabarani ushaezuliwa. Mtaa mzima umekuja kuangalia, Barabara ya 14 leo hakuna aliyeenda sokoni

Zuhura Muscat: Mwe! Chumba chetu kinaona mbingu

Kibwana: Nipo huku na saidia fundi, tunashusha silingi bodi za zamani. Jamani vumbi hili ni la tangu enzi za Mwinyi. Panya humo ndani si mchezo, ukivuta ubao mmoja wanadondoka watano. Mmoja kapita begani kwa fundi, fundi karuka mpaka chini

Da Mwana: Dagaa anafanya kazi leo. Kauwa watatu, kawapanga mlangoni kwa Mama.

Zuhura Muscat: Mzee wa miaka 11 huyo. Na sikio lake moja

Kibwana: Kuna kitu nimekiona darini. Nitume nisitume?

Zuhura Muscat: Tuma

Kibwana: [picha]
Kibwana: Ripoti ya shule. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imesukumwa nyuma ya mwamba wa paa. HAMZA. Kidato cha pili, 1994. Hisabati 17

Zuhura Muscat: 😂😂😂😂😂

Da Mwana: Subhanallah! Na Baba alivyokwenda mpaka shuleni kuidai! Mwalimu akaambiwa na mzee hajatoa ripoti!

Kaka Hamza: Iunguzwe hiyo

Salma: Mjomba Hamza 17 kwa 100?

Kaka Hamza: Wewe soma huko Morogoro

Zuhura Muscat: Lakini 756,000 alipiga sawasawa, tumpe haki yake

Mama: [ujumbe wa sauti 0:38]

Da Mwana: Anacheka tu. Hakuna maneno humo.

Kaka Hamza: Hao panya wamekwenda wapi sasa

Kibwana: Wengine kwa majirani, wengine wako uani kwenye stoo. Wamepoteza kwao, wanahangaika

Kaka Hamza: Wataguguna nyaya mpya za umeme. Fundi umeme anaanza Jumatano

IJUMAA

Da Mwana: Hali zenu. Dagaa hajala tangu jana asubuhi. Mama kamkaangia kibua, kanusa akageuka. Amelala tu pembeni ya mtungi.

Kibwana: Makelele ya nyundo hayo. Hata mimi sili

Salma: Mama, anatapika? Anaharisha?

Da Mwana: Hapana. Amelegea tu. Akisimama anayumba.

Salma: Mfungue mdomo kwa taratibu uangalie ufizi. Ni rangi gani?

Da Mwana: Subiri.

Da Mwana: Mweupe. Kama karatasi. Na puani ana damu kidogo imekauka, nilidhani kajikwaruza.

Salma: Kuna mtu ameweka sumu ya panya?

Da Mwana: Hapa hapana. Mama hakubali sumu kwake. Labda majirani, panya si walikimbilia kwao.

Salma: Ulizeni haraka. Na muulize ina rangi gani, ni punje au unga. Kuna zile zinazozuia damu kuganda. Panya akila hafi papo hapo, anatembea siku tatu, nne, tano, amelegea hivyohivyo. Paka kwake huyo ni bure, anamdaka bila kukimbia

Kaka Hamza: Kaka Hamza amefuta ujumbe huu

Zuhura Muscat: Kaka?

Zuhura Muscat: Umefuta nini kaka

Kaka Hamza: Nilimtumia saidia fundi 10,000 Jumatatu usiku. Nilimwambia anunue dawa aweke kule stoo na juu ya dari ya upande wa uani. Punje za buluu. Nilimwambia aweke mbali paka asifike

Zuhura Muscat: Asifike? Paka asifike stoo kwenye panya? Wewe mtu mzima

Kaka Hamza: Nyaya ni laki tisa Zuhura

Zuhura Muscat: Na Mama ulimwambia?

Kaka Hamza: Angekataa

Zuhura Muscat: Ndiyo maana ya kumuuliza!!

Kibwana: Basi jamani. Salma, tufanyeje sasa hivi

Salma: Anahitaji vitamini K1. Kama hamuipati duka la dawa za mifugo, ni ileile wanayochomwa watoto wachanga wakizaliwa, jaribuni maduka ya dawa ya binadamu. Msinunue vidonge vya vitamini mchanganyiko, havifai hapa. Na mtafuteni daktari wa mifugo aje achome yeye, msichome wenyewe

Kibwana: Natoka na pikipiki

Salma: Mama usimbebebebe sana, akigongwa kidogo tu anavuja damu ndani. Mlaze pa laini, pasiwe na upepo. Na ninyi huko, sumu iliyobaki yote iokotwe kwa glavu. Panya waliokufa msitupe jalalani, kunguru na kuku watakula. Fukieni chini sana

Da Mwana: Sawa mwanangu. Fundi kasimamisha kazi, wanaokota wao.

Kibwana: Duka la kwanza hawana. La pili hawana

Kibwana: La tatu ipo. Ampuli mbili. Daktari wa mifugo yuko Pongwe anatibu ng'ombe, kasema saa moja yupo hapa

Mjomba Athumani: Allah ampe shifaa. Hamza, nipigie.

Da Mwana: Daktari amefika. Amemchoma moja. Anasema kama angeona juzi angekuwa na maneno mengine. Kama ataamka kesho, dawa iendelee wiki tatu mpaka nne, siyo siku moja.

Zuhura Muscat: Mama yuko wapi

Da Mwana: Yupo naye. Kajifunika kanga, kakaa chini sakafuni. Goti lake lile lile, nimemwambia akae mkekani hataki. Hajui ya dawa ya Hamza. Sijamwambia.

Zuhura Muscat: Na asiambiwe

Kibwana: Kwa nini asiambiwe? Saidia fundi anajua, fundi anajua, mtaa mzima utajua kesho

Kaka Hamza: Nitamwambia mwenyewe

JUMAMOSI

Da Mwana: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alfajiri, kabla ya adhana. Mama alisema alinyoosha mguu tu kama anavyonyooshaga akilala.

Zuhura Muscat: 💔

Salma: Poleni. Mama pole. Mpe Bibi pole

Kibwana: Mimi ndiye nilimwokota Deep Sea, kule kwa wauza samaki, kwenye tenga la dagaa. Kadogo, kanatosha kiganjani. Yule muuzaji akanidai 500 eti kamla dagaa wake

Salma: Babu samahani, mtu anaweza kusema Inna lillahi kwa paka?

Mjomba Athumani: Husemwa kwa kila msiba, mkubwa kwa mdogo. Na sahaba mmoja watu walisahau hata jina lake la kuzaliwa, wakamwita Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa ajili ya kapaka alikokuwa akitembea nako. Semeni tu.

Kibwana: Tumemzika chini ya mlimao, upande wa uani. Fundi mwenyewe kachimba, hakutaka saidia wake ashike jembe. Mama kamvika kanga yake ile ya buluu

Zuhura Muscat: Ipi ya buluu, ile nilomletea?

Kibwana: Hapana, ya zamani, maandishi yameshafutika

Kaka Hamza: Nimempigia Mama. Nimemwambia

Zuhura Muscat: Kasemaje

Kaka Hamza: Hakusema kitu. Alikata simu

Kaka Hamza: Au salio liliisha sijui

Da Mwana: Halikuisha. Wewe ndiye ulipiga.

Zuhura Muscat: Kaka mimi jana nilisema sana. Lakini bado nimekasirika, sikufichi

Kaka Hamza: Kasirika

Mjomba Athumani: Hamza, ulipokuwa mdogo uliificha karatasi darini ili baba yako asikasirike. Miaka zaidi ya 30 imekaa humo, na bado imeshuka. Safari hii hukuficha, umesema mwenyewe. Njoo Tanga, usikae kwenye simu.

Kaka Hamza: Nakata tiketi ya Jumanne

Mama: [ujumbe wa sauti 0:09]

Zuhura Muscat: Da Mwana niandikie tafadhali

Da Mwana: Anasema: Hamza akija aje na mchele wa Mbeya, kwangu umekwisha.

Kibwana: 😅 Kaka umepona

Da Mwana: Hajapona. Kilo ngapi hajasema.

ALHAMISI

Da Mwana: [picha]
Da Mwana: [picha]
Da Mwana: [picha]
Da Mwana: Bati zimekwisha. Geji 28 zote, nimehesabu mwenyewe zikipandishwa. Zimebaki 2, zitawekwa uvunguni kwa Mama. Mvua ya rasharasha ilipita jana jioni, hakuna hata tone.

Zuhura Muscat: Mashallah. Mng'aro huo nauona mpaka Muscat

Kibwana: Jirani wa nyuma kaja kuuliza bei. Nimemwambia karatasi yake aitunze 😂

Da Mwana: Hamza yuko juu ya ngazi anamkagua fundi. Tangu jana anashinda uani, anamwagia mlimao maji. Mama anamwangalia tu, chakula anampakulia.

Salma: Mjomba usiumwagilie sana, mizizi itaoza

Da Mwana: Fundi anamalizia fishabodi leo. Anauliza lile tundu la pembeni, juu ya mlimao. Aliacha wazi kama alivyoambiwa. Anataka kujua kama alikatie ukingo mzuri au alizibe.

Kaka Hamza: Aliache

Zuhura Muscat: Liachwe

Kibwana: Liachwe bwana, popo waje wakitaka

Mama: [ujumbe wa sauti 0:04]

Zuhura Muscat: ?

Da Mwana: Anasema azibe. Popo wataingia.

Kaka Hamza: Mbao ya fishabodi ipo?

Da Mwana: Kimebaki kipande cha futi 6. Kinatosha.