Tupeane uzoefu: mwendo, maji na baridi katika siku za kupanda Kilimanjaro

Ndugu zangu, habari nyingi za Kilimanjaro huishia kwenye picha ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ilhali safari yenyewe huamuliwa huko chini, katika siku ambazo hakuna anayejishughulisha kuzisimulia. Naomba waliopanda kwa njia yoyote waeleze kilichowasaidia na kilichowakwamisha.

Naanza na njia ya Machame. Siku ya Lava Tower, mnara wa mwamba wa volkano, huwakera wengi, kwa sababu mtu hupandishwa hadi mita 4,600 hivi, akala chakula cha mchana huku kichwa kikimgonga, kisha akateremshwa hadi kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, akaona jasho lake limepotea bure. Kumbe hiyo ndiyo siku yenye manufaa kuliko zote, kwani mwili umeonja hewa nyepesi, halafu ukapewa usiku wa kulala chini ili uizoee. Anayeuziwa safari fupi kwa bei nafuu aulize kwanza ni siku gani iliyokatwa.

Mchangiaji wa pili, njia ya Marangu:
Nakuunga mkono. Sisi wa Marangu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na usiku wa ziada pale Horombo ulinifaa sana, ingawa kilele sikukifikia. Tulitoka Kibo karibu na usiku wa manane, wakati changarawe za volkano zimeganda na mguu unashika. Jua likishapanda hulegea, na kila hatua hukurudisha nyuma. Tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mwongozaji aliniuliza tumelala wapi usiku ule, nami nikachelewa kujibu. Akaniambia nitembee kwa kufuatisha mstari alioukwaruza kwa fimbo kwenye theluji. Niliyumba. Akasema tunashuka, wala sikubishana naye, na tulipofika Horombo kichwa kilikuwa kimetulia. Kuyumba na kuchanganyikiwa si uchovu wa kawaida, na mtu wa namna hiyo hapumzishwi ili aendelee kupanda, bali huteremshwa mara moja, hata kama ni usiku.

Mchangiaji wa tatu, mpagazi:
Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaoitwa wagumu. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji. Maji ya kupikia na ya kunywa tunayachota katika bonde la Karanga na kuyapandisha hadi zaidi ya mita 4,600, kwa hiyo mgeni anayemwaga chai kwa sababu imepoa, sisi tunamtazama tu. Mzigo wetu hupimwa kwa mizani, na kikomo ni kilo 20. Mgeni anayeleta suruali za jinzi na viatu vya akiba visivyohitajika humlazimu kiongozi kuongeza mpagazi, au kuacha kitu chenye manufaa zaidi. Leteni mfuko mzuri wa kulalia na glavu nzito. Hayo tutayabeba kwa moyo mweupe.

Mchangiaji wa nne, njia ya Lemosho:
Kaka hapo juu amesema kweli kuhusu maji, nami naongeza jinsi ya kuyalinda yasigande. Usiku wa kileleni, mpira wa kunyonyea maji ndio huganda kwanza, hata kama mfuko wake uko mgongoni. Tumia chupa ya mdomo mpana, uivishe soksi nzito na kuigeuza kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, na hivyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Betri za tochi ya kichwani zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Miwani ya jua nayo isiachwe kambini kwa sababu tu mnaondoka gizani: kukipambazuka, theluji mpya hurudisha mwanga machoni kwa ukali ambao kofia haiwezi kuuzuia.

Jambo la mwisho, ambalo watu hulidharau, ni kuteremka. Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka ni takriban mita 2,800 za kushuka, nyingi zikiwa za siku ileile, na vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu kwa saa nyingi. Kata kucha kabla ya safari, na ukifika Barafu ufunge kamba upya, ukizikaza zaidi kwenye kifundo cha mguu.